Mchanga Umekwisha, Nazi Zipo

Malori ya machungwa ya Muheza huvuka mpaka wa Horohoro yamefunikwa turubai, lakini turubai haizuii harufu. Nilikuwa nyuma ya mawili nikingoja kugongewa muhuri. Siku hizi Horohoro na Lunga Lunga hufanya kazi kama kituo kimoja: afisa wa Tanzania dirisha hili, wa Kenya dirisha la pili, na abiria anamaliza shughuli zake bila kutembea juani kutoka geti hadi geti kama zamani. Madereva wa malori ndio wanaongoja. Mmoja aliniambia mzigo wake unaishia Mombasa, na wa mwenzake utapitiliza hadi Nairobi. Machungwa yatafika hivyo hivyo, na maganda yake na mbegu zake, na faida ya kuyakamua itakuwa ya mtu mwingine.

Mimi ni mtu wa Tanga. Wazee wetu wakikaa barazani huhesabu viwanda vilivyokufa kama wengine wanavyohesabu marehemu wa ukoo: cha mbolea, cha chuma, vya mkonge. Saruji ya Pongwe ingalipo, maziwa ya Tanga Fresh yangalipo, na Chongoleani tunangojea mafuta ya Uganda. Hata hivyo, anayekulia Tanga hujifunza mapema kwamba kiwanda ni kitu kinachoweza kuondoka. Kwa hiyo niliposikia kwamba mgodi wa Kwale, mkubwa kuliko migodi yote ya Kenya, umesimamisha uchimbaji Desemba 2024, nilitaka kwenda kuona majirani zetu wamebaki na nini.

Kwale hunadiwa kwa wageni wenye mitaji kwa maneno matamu. Wanatajiwa ufuo wa Diani, madini, ardhi yenye mvua na bandari ya Mombasa iliyo karibu. Maneno hayo ni ya kweli, na ndiyo maana hayaniambii kitu. Nilitaka kujua yanayofuata baada ya mgeni kukubali: anajenga nini, ananunua nini na kwa nani, na siku akifunga virago anaacha nini nyuma.

Matatu ya Lunga Lunga iliniteremsha Kanana, njia panda ya Shimoni. Shimoni ilizoea kampuni za kigeni kabla ya miji mingi ya pwani hii: ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ya William Mackinnon ilikuwa na ofisi zake hapo mwishoni mwa karne ya 19. Siku hizi kuna mradi wa bandari ya uvuvi. Sikukaa sana. Nilichukua bodaboda hadi Kibuyuni, kwa kuwa niliambiwa maji yanakupwa na akina mama wa mwani watakuwa kazini.

Nao walikuwa kazini kweli, leso zimekazwa kiunoni, maji yakiwafika magotini. Kazi yenyewe inajulikana kwa yeyote aliyepita Unguja upande wa Paje au Jambiani. Vigingi viwili vinakitwa mchangani, kamba inavutwa katikati yake, na vijitawi vya mwani vinafungwa kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi mwani umenenepa, unavunwa, unaanikwa, unatiwa magunia. Humo ndani kuna utomvu unaotumika viwandani kufanya vitu viwe vizito na vishikane, kama vile dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi.

"Mama, gunia hili linakwenda wapi?" nilimuuliza mmoja aliyekuwa akigeuza mwani juu ya kichanja.

"Linakwenda kwa Wazungu na Wachina, mwanangu. Bei wanakuja nayo wao. Sisi tukisema ghali, hatuna pa kuupeleka."

Kikundi chao kimejifunza kusaga mwani na kuufanya sabuni. Nilinunua mche mmoja. Mtu wa takwimu atacheka, maana sabuni ya akina mama wa Kibuyuni haiwezi kuonekana kwenye hesabu za taifa. Mimi sikucheka. Bei ya gunia hupangwa ng'ambo, na bei ya sabuni hupangwa na yule mama mwenyewe pale mezani kwake. Hicho ndicho kiwanda, hata kama mashine yake ni sufuria na mwiko.

Ukirudi barabara kuu, upande wa bara unaona mlima Mrima, mfupi, wenye msitu mzito. Ni kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wadigo, na ni hifadhi ya msitu. Chini yake kuna niobiamu na madini adimu, yale yanayotafutwa kwa udi na uvumba na watengenezaji wa simu, mota za umeme na silaha. Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba. Agosti mwaka huohuo waziri wa madini, Najib Balala, akaifuta. Wenye kampuni wakaishtaki Kenya Washington, kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, wakidai fidia ya takribani dola bilioni 2. Oktoba 2018 walishindwa. Baraza lilisema leseni ile haikuwa halali tangu mwanzo, kwa kuwa masharti ya sheria za Kenya, pamoja na yale ya mazingira, hayakutimizwa. Ombi lao la kutengua uamuzi nalo lilikataliwa 2021. Kuna watu husema kesi kama hizi huwatisha wawekezaji. Nadhani zinawatisha wale waliokuja na haraka, na hao kutishwa kwao si hasara. Wageni wa nchi mbalimbali wangali wanaulizia Mrima, na wazee wa pale wangali wanauliza swali lao la siku zote: tutahamishiwa wapi?

Ramisi ilinikalisha zaidi. Hapa kiwanda cha sukari kilianza 1927, miaka mitano tu baada ya kile cha Miwani kule Kisumu kilichokuwa cha kwanza nchini. Kwa miaka sitini mji mzima uliamka kwa king'ora chake. Watu walikuja kutoka bara kukata miwa, wakaoa hapa, wakazikwa hapa. Mwaka 1988 kikafa. Mzee mmoja niliyekutana naye chini ya mwembe, aliyekuwa fundi wa kukarabati mitambo, alinihadithia bila hasira, kwa ule utulivu wa mtu aliyesimulia jambo mara nyingi. Alisema mashine hazikufa siku moja. Zilianza kukosa vipuri, mishahara ikachelewa, miwa ikaachwa ikazeeka shambani, hadi siku moja moshi haukutoka. Watu wakangoja utoke tena. Walipochoka kungoja wakalima mihogo na mahindi katika yale mashamba, wakajenga, wakazaa.

Hapo ndipo palipozaliwa ugomvi wa leo. Mwaka 2007 serikali ilikodisha ardhi ya zamani ya Ramisi kwa kampuni mpya, Kwale International Sugar Company, ambayo watu huiita Kiscol, na baadaye Omnicane ya Mauritius ikaingia kama mshirika mwenye hisa. Kiwanda kilichojengwa ni cha kisasa kweli: uwezo wa kusaga tani 3,000 za miwa kwa siku, na mtambo wa kuzalisha megawati 18 za umeme kwa kuchoma makapi ya miwa, ufundi ambao Wamauritius wanaujua kuliko wengi. Mabomba ya kumwagilia kwa matone yalifukiwa ardhini. Kwenye karatasi ni mradi wa kupigiwa mfano. Shambani walikuwamo watu wenye makaburi na minazi, kesi zikaenda mahakamani, na nyingine zimekokotwa kwa miaka.

Naomba msomaji anivumilie kidogo hapa, maana kuna jambo la kitaalamu ambalo wapanga mipango hulisahau. Muwa ukishakatwa hauna subira. Siku moja, siku mbili, sukari iliyo ndani yake inaanza kupungua. Kwa hiyo kiwanda cha sukari hakiwezi kuagiza mali ghafi kutoka mbali kama kiwanda cha plastiki. Kimefungwa kamba na majirani zake. Jirani akiwa ni mkulima wa miwa, kiwanda kinashiba. Jirani akiwa ni mtu anayekushtaki, unabaki na mitambo mikubwa na njaa. Nilimuuliza yule fundi kama angefurahi Ramisi irudi kuwa mji wa sukari. Alifikiri kidogo. "Tungefurahi," alisema. "Lakini kwanza watuambie mpaka wa shamba unaishia wapi, bwana. Kulala hujui kesho uko upande gani wa mpaka, hiyo si kazi."

Msambweni nilifika jioni. Ni mji mpole, wenye hospitali kubwa ya rufaa, miembe mikuu na watu wasio na haraka. Asubuhi, kwenye mkahawa, mbele ya mahamri na mbaazi, nilikaa na kijana mmoja aliyefanya kazi mgodini tangu enzi za ujenzi. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kazi, vile vyenye chuma mbele, japo kazi haipo tena.

Habari ya mgodi huu huanzia kwa Wakanada. Kampuni ya Tiomin iliyagundua madini ya mchanga mzito katika vilima vya Maumba na Nguluku miaka ya 1990, ikapata hati ya kuchimba 2004, na familia nyingi zikahamishwa, baadhi hadi Bwiti, upande wa Lunga Lunga. Lakini Tiomin haikuchimba. Mwaka 2010 mradi uliuzwa kwa Base Resources ya Australia, ambayo ilipata mtaji, ikajenga kwa takribani dola milioni 310, na Februari 2014 meli ya kwanza ikaondoka Likoni. Hata barabara, laini ya umeme na gati la Likoni vilijengwa kwa ajili hiyo, na mto Mukurumudzi ukazibwa bwawa.

Nilimwomba anieleze walivyochimba, naye akasahau chai.

"Kaka, hatukulipua kitu. Ule ni mchanga tu, mwekundu. Unaupiga kwa maji ya presha kubwa unakuwa uji, uji unasukumwa na pampu kwenye mabomba hadi kwenye mtambo. Humo unazungushwa kwenye mifereji iliyojipinda kama konokono. Mzito unakaa ndani, mwepesi unatupwa nje. Ukikauka, unapitishwa kwenye sumaku: mweusi, ilmenaiti, unanaswa. Uliobaki unapitishwa kwenye umeme: rutili inakubali umeme, zirkoni inakataa. Basi, umepata vitu vitatu bila dawa yoyote."

Alisema hayo kwa fahari, na fahari hiyo alistahili. Kabla ya mgodi, kijana wa Msambweni aliyeijua sumaku aliijua shuleni. Wakati wa kufungwa, zaidi ya watu elfu moja walikuwa wakifanya kazi pale, wengi mno wakiwa Wakenya, na wengi wa hao ni watu wa Kwale. Mafundi wa umeme, wapimaji wa maabara na madereva wa mitambo hawapatikani kwa tangazo la gazeti. Huumbwa kwa miaka.

Ule mchanga ulikwenda wapi? Ilmenaiti na rutili huishia zaidi kuwa unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukutani, karatasi na plastiki. Zirkoni huenda kwenye vigae na sinki. Kwa hiyo Kwale iliuza mchanga kwa tani, na leo katika maduka ya Ukunda kuna ndoo za rangi nyeupe na vigae vilivyotoka ng'ambo. Nilipolitaja hilo, nilitegemea kijana alaumu. Hakulaumu, na alikuwa na sababu. Kiwanda cha kugeuza ilmenaiti kuwa unga mweupe kinahitaji klorini au asidi ya salfa kwa wingi, umeme wa bei nafuu, na uhakika wa mali ghafi kwa miongo. Mchanga wa Kwale ulidumu miaka kumi na moja hivi. Nani angejenga kiwanda cha namna hiyo kwa mgodi wenye umri wa mtoto wa darasa la tano? Wanasiasa waliokuwa wakipiga kelele kwamba Kwale ingetengeneza rangi yake walijua hesabu hiyo, au walipaswa kuijua.

Lawama yangu iko penginepo. Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa wananchi wanaoishi palipochimbwa. Ile 10 iliwachukua wananchi miaka mingi ya kudai. Mgodi unachimba kila siku, usiku na mchana. Fedha ya mwenye kijiji inangoja kanuni, kamati, na kanuni ya kamati. Fedha ile ingefika mapema, wakati mgodi unaendelea na mafundi wapo, vijiji vingeweza kujijengea kitu cha kuurithi mgodi. Kuipata baada ya mitambo kuzimwa ni kama kupewa mwavuli mvua ikiwa imekwisha.

Kampuni yenyewe ilijaribu kupanda mbegu ya kitu kingine. Ushirika wa PAVI, ambao jina lake limetoka kwenye pamba na viazi, ulisaidiwa kulima na kuuza kwa pamoja, na kampuni ya nguo ya Australia, Cotton On, ikawa mnunuzi wa pamba ya wakulima wa Kwale. Katika yote niliyoyasikia kuhusu mgodi, hili ndilo lililonivutia zaidi, kwa sababu pamba huota tena mwakani.

Oktoba 2024, miezi miwili kabla ya kufungwa, Base Resources ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani. Usidhani Wamarekani walinunua kwa ajili ya Kwale. Walichotaka ni mradi wa Toliara, Madagaska, uliokuwa mikononi mwa kampuni hiyohiyo. Kwale palibaki kazi ya kurudisha ardhi katika hali yake, kusawazisha, kupanda nyasi na miti, na kamati ya serikali ya kutafakari ardhi ile itumikeje. Nilikwenda hadi karibu na uzio wa Maumba. Panapendeza kuliko nilivyotarajia. Nyasi zimeshika, na miche ya miti ya asili imepandwa kwa safu. Kimya chake ndicho kinachosumbua, ukijua kwamba hapa mashine hazikulala.

Mzee mmoja wa eneo hilo, ambaye ukoo wake uligawanyika, wengine wakahamia Bwiti, alinionyesha kwa mkono upande ulikokuwa mji wa babu yake. "Walilipa kwa hesabu ya miti," alisema. "Mnazi mkubwa bei yake, mdogo bei yake. Lakini mnazi huuli hesabu yake leo, ami. Unaula wewe, anaula mjukuu." Nikamwuliza kama angependa mgodi mwingine uje. "Waje," akajibu upesi, "lakini waje na kitu kisichokwisha."

Kwa kitu kisichokwisha, Kwale ina mnazi, na juu ya mnazi nilijifunza zaidi ya nilivyodhani ninajua, mimi niliyezaliwa chini yake. Kuna viwanda vya nazi katika kaunti hii sasa. Kentaste ndiyo inayojulikana zaidi, kwa tui la kopo, mafuta na nazi iliyokaushwa unayoiona kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Nilikaa kwenye ua mmoja wa mnunuzi nikiangalia vijana wakifua nazi kwenye kifuo: mapigo mawili, matatu, kumbi limetoka. Makumbi yanakwenda kuwa nyuzi na mboji ya vitalu vya maua, vifuu vinakuwa makaa, nyama inakunwa na kukamuliwa, machicha hulishwa mifugo. Hakuna kinachotupwa. Hata maji huuzwa.

Shida ya kiwanda cha nazi ni nazi. Minazi mingi ya Kwale ni ile mirefu ya asili, iliyopandwa na mababu, mingine imechoka, na mche mpya wa aina hiyo unataka miaka sita au saba kabla ya kuzaa. Tena kiwanda kina mshindani asiyeandikwa katika kitabu chochote cha uwekezaji: mgema. Mnazi unaogemwa hauzai, kwa kuwa tembo hutoka kwenye kilele kilekile ambacho kingekuwa nazi. Mgema huleta fedha jioni hii hii kutoka kwenye mangwe, vilabu vya tembo. Mnunuzi wa nazi huja baada ya miezi mitatu, tena akiwa na dalali wake. Mkulima mwenye mtoto wa kulipiwa karo atachagua nani? Madalali huvusha hata nazi za kwetu Tanga kujaza pengo. Ningekuwa na mtaji wa kuleta Kwale, ningejenga kitalu cha miche ya minazi kabla sijanunua hata mashine moja.

Zao lingine ni biksa, ambalo Unguja ni mzingefuri. Nchini Kenya hulimwa zaidi Kwale na Lamu. Ukipita Shimba Hills na sehemu za Msambweni unaviona vichaka vyake na maganda yenye manyoya mekundu. Mbegu zake zimevaa rangi ya chungwa iliyoiva ambayo viwanda vya vyakula Ulaya huitafuta, hasa kila walaji wanapozikataa rangi za kemikali. Ile jibini nyekundu ya Waingereza iitwayo Red Leicester hupata rangi yake kwenye mbegu kama hizi. Kiwanda cha kukamua rangi kipo hapa hapa Kwale, jambo la nadra katika historia ya mazao yetu: mkulima anavuna, gari linapita njia fupi, na kinachopanda meli ni rangi. Kasoro ni kwamba mlango wa kuuzia ni mmoja. Bei ikiporomoka, wakulima hung'oa vichaka, ikipanda, hujuta. Bibi mmoja wa Lukore aliniambia ameshang'oa na kupanda tena, na safari hii ameviacha nusu. "Nimeweka mguu huku na mguu huku," alisema akicheka.

Shimba Hills ndiko pia kaunti ilikojenga kiwanda cha matunda kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Ujenzi wake ulichukua miaka mingi, na kila msimu wa maembe ulipopita wakulima waliendelea kumuuzia dalali kwa bei ya kutupa. Nitasema tu kwamba maembe hayasomi ripoti za maendeleo ya ujenzi.

Kuhusu Diani nina machache, kwa kuwa wengine wameandika mengi. Mchanga wake ni mweupe kama ulivyosikia, nyani wako juu ya paa, na tuktuk za Ukunda zinapiga kelele hadi usiku wa manane. Wageni kutoka Ujerumani, Italia, Uswisi na Uingereza wamewekeza hapa kwa miongo. Katiba ya 2010 iliwawekea mpaka, asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Udhaifu wa hoteli ulionekana Mei 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake wasisafiri Mombasa na watalii wakarudishwa kwao kwa ndege za dharura. Hoteli zilifunga milango pwani yote, na kijana wa Ukunda aliyepoteza kazi hakuwa amefanya kosa lolote. Mgahawani nilimuuliza mpishi nyanya zake zimetoka wapi. Kongowea, Mombasa, akasema. Na tui? La kopo. Nilitazama nje: minazi imejipanga hadi baharini, lakini imewekwa ipigwe picha, nazi zake zikianguliwa mapema zisije zikamwangukia mgeni.

Siku ya kuondoka sikupanda feri ya Likoni. Kibundani kuna barabara mpya inayokwepa Mombasa, iliyojengwa kwa mikopo ya Japani na kukamilika 2024, yenye daraja la Mteza la urefu wa kilomita moja na nusu hivi. Mtu aliyewahi kukaa kwenye foleni ya feri na gunia la samaki linalotokwa na maji atajua thamani yake. Lori la Ukunda sasa linafika Miritini na kushika njia ya Nairobi bila kugusa kivuko. Njiani linapita Dongo Kundu, eneo maalumu la kiuchumi la ekari 3,000, ambako hata mwekezaji wa kwetu yumo: Taifa Gas ya Rostam Aziz ilizindua ujenzi wa ghala la gesi hapo Februari 2023. Upande wa juu wa kaunti, Samburu, Devki wamejenga mtambo mkubwa wa chuma kando ya njia ya Nairobi. Mitaji inakuja Kwale, hilo halina ubishi. Inatua pembezoni, kwenye reli, bandari na barabara kuu, na katikati, kuanzia Msambweni hadi Lukore, inapita tu.

Katikati hapo ndipo ninapowaomba wakuu wa Kaunti ya Kwale na wa Wizara ya Madini wapatazame kabla hawajagawa ardhi ya Maumba. Pana bwawa. Umeme umeshafikishwa, barabara ipo, na Msambweni wako vijana wanaojua pampu, maabara na mitambo, wanaokunywa chai wakingoja simu. Atakayepewa ardhi ile, awe Mmarekani, Mhindi, Mmauritius au mtu wa Tanga, apewe kwa sharti lililoandikwa ndani ya mkataba: kiasi cha nazi, maembe, pamba au biksa atakachonunua kila mwaka kwa wakulima wa kaunti hii, na bei itakayotangazwa kabla ya msimu. Waliandike sasa, wakati bado hajafika, maana akishafika na mitambo yake ikiwa bandarini hakuna atakayethubutu kumkumbusha.